Kidole Gumba cha Sihaba

Siku hizo mfungwa anayeishi na VVU alitoka gerezani na kisanduku cha dawa, na kisanduku hakikufunguka ila kwa kidole gumba cha ndugu aliyempokea getini. Chausiku alipokewa na dada yake, Sihaba, ambaye kila jioni alikifungua na kumtazama akimeza.

Jana Chausiku alimwambia kwamba amepata kazi ya kushona Dodoma, na rafiki yake wa kule amekubali kuwa mdhamini wake mpya wa kisanduku.

"Jumatatu twende kliniki, dada, wabadilishe kidole."

Sihaba alicheka. "Hata hujanenepa, unataka kunikimbia?"

Leo Sihaba amerudi na plasta nene kwenye kidole gumba.

"Umefanya nini, dada?"

"Kisu. Nilikuwa namenya muhogo kwa Mama Zuhura."

Alikibonyeza hivyo hivyo kwenye kisanduku. Taa nyekundu ikawaka.

"Ibandue kidogo tu, nimeze."

"Nesi kasema isiguswe wiki nzima. Utameza kidonda kikipona. Tulia hapa, nikuangalie."

Chausiku alikitazama kisanduku. Miaka yote ya gerezani hakuwahi kukosa kidonge hata kimoja.

Waliketi mkekani kula. Sihaba alichukua ndimu, akaikamua juu ya samaki kwa nguvu, maji yake yakachuruzika na kupenya chini ya plasta. Chausiku alimkazia macho, akingoja japo akunje uso.

Sihaba alijifuta mkono kwenye khanga, akamsogezea sahani.

"Kula, mdogo wangu."