Salopette ya Bwana Yetu

Abigaël, mujukuu yangu, alitaka polytechnique, asomee mashini. Siku ya inscription, ya kuandikisha jina ku université, baba yake Antoine, mutoto yangu, akamukatalia. "Mutoto yangu ataingia droit, akuwe avocat. Mashini haiko ya banamuke."

Abigaël akainamisha kichwa.

Kwetu, mujukuu mwanamuke ni muke mwenza wa kambo yake, mama ya baba yake. Nikaingia mu chumba, nikatosha salopette, ovaroli ya kazi ya marehemu bwana yangu, fundi ya mashini, ile nilikatala bagawe ku matanga. Ilikuwa ingali inanuka grésa, mafuta ya mashini. Zamani, mu mutaa ya Kamalondo, moteur ya courant ya bar ikizimika, banamuita. Anainama pale kidogo, muziki inarudi, na shiye tunacheza mupaka miguu inavimba.

"Muke mwenzangu, vaa," nikaambia Abigaël. "Ni ya bwana yetu."

"Mama, acha michezo," Antoine akasema.

"Weye nyamaza, mambo ya bake wenza haikuangalie. Bavocat bamejaa mu avenue yetu. Courant ikikatika, bote banakuya kwangu kuomba bougie ya kuwasha."

Abigaël akafunga vifungo mupaka ku shingo, akasimama mikono mu mifuko, sawa marehemu mwenyewe.

Antoine akamuangalia. Kisha akashika kitambaa ya bega kwa vidole viwili.

"Huku inapwaya," akasema. "Tupite kwanza kwa tailleur aipunguze, kisha inscription."