Tundu Kwenye Kompyuta ya Farhiya

Boaz alimrushia Muoki karatasi usoni. Ikaanguka kwenye vumbi la pumba lililotapakaa sakafuni mwa kiwanda chake cha chakula cha kuku, Thika.

"Okota usome. Kwa sauti, ujisikie mwenyewe."

Muoki aliokota. Ilikuwa barua ya Farhiya, mpinzani wake mwenye kiwanda kama hicho kule Ruiru, akimweleza wakala wake wa Mombasa kwamba Muoki wa Thika amekubali kumuuzia siri ya mchanganyiko wa Boaz. Muoki alisoma mpaka mwisho.

"Bosi, huyo mama sijawahi hata kuongea na yeye. Hii kitu umetoa wapi?"

"Kwa kompyuta yake. Hajui namsoma kila siku."

Mambo hayo yalikuwa yameanza mwaka uliopita, 1997. Dismas, fundi wa kompyuta aliyehudumia viwanda vyote viwili, aligundua tundu katika programu ya barua. Ukiipigia kompyuta ya Farhiya kwa waya wa simu kutoka kompyuta nyingine, ukabonyeza vitufe fulani kabla haijakuuliza neno la siri, ilikufungulia kila kitu. Dismas alitaka kuwaandikia waliotengeneza programu walizibe. Boaz alimkatalia katakata.

"Ukiwaambia wataziba kila mahali, na mimi nitaona nini? Nyamaza."

Dismas akanyamaza, akamfundisha Zubeida, karani mpya wa Boaz, kisha akapata kazi kwingine, asionekane tena. Boaz mwenyewe hakutaka kufundishwa. Mkurugenzi mzima aguse kibodi? Hiyo ilikuwa kazi ya kina dada wa ofisini, na wafanyakazi wangemcheka. Yeye kazi yake ilikuwa kusoma. Kila saa saba mchana, Farhiya akienda kuswali, Zubeida alijifungia na kompyuta. Baada ya muda mashine ya kuchapisha ilikoroma, na barua ikamfikia bosi pamoja na chai.

Mwanzoni barua hizo zilimpatia wateja wawili wakubwa wa Farhiya. Boaz alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baada ya mvua za El Niño zikanoga zaidi. Zilimwambia Farhiya yuko karibu kushusha bei, naye akashusha zake haraka haraka, mpaka kila gunia likawa linamtia hasara. Kisha zikaanza kutaja wasaliti. Kwanza dereva. Halafu mtunza stoo. Boaz aliwafukuza wote mbele ya wenzao, kwa matusi ambayo mtu hawezi kumsimulia mkewe.

Sasa zamu ilikuwa ya Muoki, na hapo ndipo ujinga wa hasira unapoonekana. Hakuna mtu mwingine pale kiwandani aliyejua kuchanganya chakula. Muoki akitoka, mashine zinasimama, na benki ilikuwa tayari inanusanusa getini ikitaka mkopo wake. Boaz aliyajua yote hayo. Hakujali.

"Bosi, nikukumbushe kitu," Muoki alisema. "Mimi, dereva na mtu wa stoo ndio tuliapa kwa polisi tuliona Salehe akiiba magunia. Tulidanganya kwa sababu yako. Magunia ulikuwa umeficha kule Murera ndio ulipwe bima. Kijana wa watu akapigwa hapo nje mpaka jicho ikaenda, na akafungwa. Ametoka jela juzi tu. Mtu amekufanyia dhambi kama hiyo, anaweza kukuuza?"

"Salehe ni mambo ya zamani. Toka kwa kiwanda yangu!"

Zubeida alikuwa amesimama mlangoni na trei. Alimpisha Muoki apite, akaweka kikombe mezani, akatia sukari vijiko vitatu jinsi bosi alivyopenda, akakoroga taratibu.

"Pole, bosi," alisema. "Watu ni wabaya."

"Wewe ndio umebaki, Zubeida. Wewe peke yako ndio naamini."

Alimaanisha kila neno, ingawa siku ya kumwajiri alichouliza ni kama anajua kuchapa haraka. Kwao wapi, nduguze nani, hayo hakuwa na haja nayo.

Chai hakuimaliza. Aliingia kwenye gari akaelekea Ruiru. Kumfukuza Muoki hakukumtosha. Alitaka kumwona Farhiya akinywea kwa macho yake mwenyewe.

Alimkuta ofisini, akigonga taipureta kwa vidole viwili.

"Mtu wako nimemfuta," Boaz alisema bila hata salamu. "Muoki. Na dereva, na yule wa stoo. Barua zako nimesoma zote, mama. Zote!"

Farhiya alimtazama kama anayemtazama mlevi aliyepotea njia.

"Barua gani?"

"Za kompyuta! Unafikiri mimi mtoto?"

Farhiya aliinuka, akaenda kwenye kona, akaondoa chombo cha maua ya plastiki, kisha akavuta kitambaa cha kufuma kilichokuwa chini yake. Kompyuta ilikuwa hapo. Ubavu mmoja ulikuwa umeyeyuka, na kioo kilikuwa cheusi kwa masizi.

"Hii? Radi iliichoma wakati wa El Niño. Tangu siku hiyo naandika na taipureta." Akarudisha kitambaa, akakinyoosha kwa kiganja. "Hizo barua nani anakuletea?"

Boaz aliivuta simu ya mezani bila kuomba ruhusa, akapiga ofisini kwake Thika. Ilipokewa mara moja.

"Zubeida! Hizo barua..."

Upande wa pili, Zubeida alisikika akimwita mtu aliyekuwa naye chumbani.

"Kaka, ni yeye. Njoo umsikie."

Simu ikabadilisha mikono.

"Habari ya Ruiru, bosi?" aliuliza Salehe.