Spika za Nyuma

Sheria inataka kila rekodi ya zamani igeuzwe iwe ya spika sita, na ya mwanzo ifutwe. Programu, kwa kiherehere chake, hujaza spika za nyuma kwa inachodhani kilikuwepo.

Kesho nakwenda mahakamani kudai ndoa yangu ivunjwe, maana sikuridhia. Kadhi aliponiuliza nililia, shangazi akanijibia. Ushahidi wangu ni rekodi ya harusi. Leo mume wangu, Shebe, ameigeuza.

Kwenye spika za mbele kadhi akauliza kama nimeridhia. Nyuma ya kisogo changu nikajisikia nikijibu: "Nimeridhia."

"Sikusema hivyo."

"Sauti ya nani hiyo, Mwanakheri?"

"Niwekee ile ya kwanza."

"Sheria imeifuta, si mimi."

Akairudia, akaongeza sauti. Nikaridhia tena, kwa bashasha. Binti yetu, aliyekuwa akisikiliza kando yangu, akanitazama kama anayemtazama mwongo.