Kanga ya Mama Mkwe

Haroub, mwongoza filamu, alimkalisha mama mkwe wake safu ya mbele ya ukumbi wa sinema, kati yake na mkewe Zawena, kama mtu asiyefunzwa kwao. Bi Shuweni alijitanda kanga hadi puani, kama ilivyo ada ya mama mbele ya mkwewe, akaitazama filamu iliyompatia kijana tuzo. Tuzo yenyewe Haroub aliipakata kama mtoto mchanga.

Ukuta mzima ukajaa kitanda. Juu yake alikuwa Zawena, mtupu kama alivyozaliwa, na mwanamume wa watu. Walikawia. Waheshimiwa wa nyuma wakakohoa kisomi.

"Hiyo ndiyo sanaa, mama," Haroub alinong'ona. "Ng'ambo walisimama wote kunipigia makofi."

"Kwani wewe ulivua nini, baba?"

Bi Shuweni akaivua kanga, akabaki kichwa wazi mbele ya mkwewe kwa mara ya kwanza, akamfunika nayo mwanawe gubigubi palepale kitini. Ukutani kitanda kiliendelea kulia. Kutoka ndani ya kanga, mkono wa Zawena ukautafuta upindo, ukauvuta, ukaufumbata.