Ziara ya Tatu

Mimi sikuhama. Mji ndio uliohamia kwangu, ukaniweka ndani ya mpaka na kumwacha jirani yangu Magembe nje, hatua kumi kutoka barazani. Nimezunguka nchi nyingi, lakini kuchukuliwa nikiwa nimekaa kwangu, hilo sikuwahi kuliona.

Mji unamruhusu mtu wa nje ziara tatu tu kwa mwaka. Ya kwanza Magembe aliitumia kunisaidia kuziba paa. Ya pili alikuja kuniuguza homa ya kifua. Tangu hapo tunakunywa kahawa kila mtu upande wake.

Jana mvua ilitukuta tukinywa.

“Ingia, mtani, utalowa.”

“Nakaa hapahapa, bwana mjini. Ile moja naiweka.”

“Ya nini?”

“Ya kukuzika. Nani mwingine atakuosha? Hao wenzako wapya hata jina lako hawalijui.”

Akacheka, nami nikacheka. Nilitamani aitumie papo hapo, ningali na mdomo wa kumwambia karibu. Ila mwaka bado mrefu, huu ni mwezi wa tatu tu, na kifua changu hakijapona. Nikabaki barazani, nikamtazama akilowa.