Kijiko cha Shangazi

Siku hizi maneno yoyote yenye sharti na marudio, yakitiiwa kila mara, huhesabiwa kuwa lugha ya programu za kompyuta, na asiye na kibali haruhusiwi kuyatumia nyumbani. Ndiyo maana mkaguzi alikuja kunisikiliza nikimlisha uji binti yangu, Tunu.

“Ukimeza hiki cha bibi, kinakuja cha shangazi,” nilimwambia Tunu, “hivyo hivyo mpaka kikombe kiishe.”

“Sharti lipo, marudio yapo,” mkaguzi akasema. “Hiyo ni programu, Mama Tunu.”

“Jamani, kaka, huyu ni mtoto, si mashine!”

“Sheria haiulizi anayesikiliza ni nani. Inauliza kama anaweza kukataa. Akikataa hata mara moja, ni maongezi tu, naenda zangu. Akitii, kuanzia leo utamlisha kimya.”

Nikachota uji. Juzi tu Tunu alinitemea kifuani. Nikamwomba kimoyomoyo: nisumbue leo, mwanangu.

“Cha shangazi hicho,” nikasema.

Tunu akanitazama usoni, akaona kuna jambo nalitaka sana. Akafumbua mdomo, ili anifurahishe.