Maswali ya Mbithe Chuoni

Mbithe aliingia ofisini bila kubisha, barua ameiviringisha mkononi kama fimbo ya kufukuzia kuku. Kalondu, mke wa mwanawe, alimfuata nyuma, macho chini.

"Bwana asifiwe," Mbithe alisema.

"Amina," alijibu Kyule, msajili wa chuo cha ukunga, akasogeza kikombe chake cha chai.

Barua ilikuwa ya kumwita Kalondu chuoni. Ilibaki sahihi moja tu ya mzazi, na siku ya mwisho ilikuwa hiyo. Mume wake, Kilonzo, yuko kazini Mombasa, na kwa simu alisema, mkikubaliana na mama, mimi sina neno. Mama naye alikaa na ile barua siku tatu, anaisoma, anaikunja, anaisoma tena. Hasaini, harudishi. Asubuhi alisema tu, "Vaa viatu, tunaenda mjini Wote, kwa hicho chuo chako."

"Huyu hajawahi kuwa nesi hata siku moja," Mbithe alianza. "Anauza nyanya huko kwetu Kiboko, pale barabarani. Mnamchukua namna gani?"

"Mama, kozi yetu haidai unesi kwanza. Mtu anaanza na ukunga wenyewe. Sisi tunaangalia cheti cha fomu foo, kile cha kumaliza sekondari."

"Hata kama kimekaa kwa sanduku miaka na miaka?"

"Cheti si maziwa, mama. Hakiharibiki."

Kalondu alitaka kucheka, akaona uso wa mama mkwe, akajifanya anakohoa.

"Na mtu mzima, mwenye boma lake? Atakaa darasani na watoto wa juzi, waanze kumcheka?"

"Wiki ya kwanza watamcheka. Wiki ya pili watamwomba awafundishe."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi wamefanya nini?"

"Nani atawachunga, kijana wangu? Niambie wewe uliyesoma."

Kyule alikuna kichwa. Alisema mambo ya mbuzi hayako kwa ofisi yake.

"Nimeuliza tu," Mbithe alisema.

Kalondu alishindwa kuvumilia. "Mama, mambo ya mbuzi nitaongea na msichana wa jirani. Na likizo zote nitakuwa nyumbani. Nimeomba hii nafasi miaka miwili. Usinikatalie, nakuomba tu."

Mbithe aliuliza ni yule msichana anayejua mifugo, ama ni dada yake asiyejua kitu. Kalondu akasema ni yule anayejua.

Basi Mbithe akanyoosha barua juu ya meza, akaomba kalamu, akaandika jina lake pole pole mpaka herufi ya mwisho. Kalondu aliichukua kwa mikono miwili, akashukuru mara tatu, akaelekea mlangoni kabla mama hajabadilisha nia.

Mbithe hakuinuka. Alivuta kiti karibu na meza.

"Haya, ya mtoto imeisha," alimwambia Kyule. "Sasa nipe fomu yangu. Biolojia nilipata B."